Nyumba ya mbali si lazima iwe nafuu

Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza hakosi kuambiwa: sogea nje ya mji, huko ndiko kwenye nafuu. Ushauri huo ni wa siku nyingi, na nusu yake ni kweli. Kwa kawaida bei hushuka kadiri unavyoondoka katikati ya mji. Kinachosahaulika ni kwamba mkopo wa nyumba una mwisho, nauli haina.

Chukua mtu anayetumia saa moja na nusu kwenda kazini na nyingine kama hiyo kurudi. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni saa 66 kwa mwezi, zote zimeishia kwenye kiti cha basi (kama amekipata). Akiamua kununua gari, kuna mafuta, bima, matairi na fundi.

Ndiyo maana Center for Neighborhood Technology, taasisi ya Chicago, hupima unafuu wa mtaa kwa kujumlisha gharama za makazi na usafiri, na kiwango chao ni kwamba jumla isizidi asilimia 45 ya kipato cha kaya. Kwa hesabu hiyo, mtaa wa bei ya juu kidogo, wenye shule na soko pa kwenda kwa miguu, unaweza kuwa nafuu zaidi.

Sisemi mbali ni kubaya. Anayefanyia kazi nyumbani huenda pakamfaa sana. Ila kabla ya kutia sahihi, ifanye safari hiyo mwenyewe Jumatatu alfajiri, si Jumapili mchana anayopenda dalali.