Nyongeza ya tumbaku kwenye bima ya afya Marekani: inavyokokotolewa, inavyomuumiza mwenye kipato kidogo, na namna ya kuiondoa

Fomu ya bima ya afya ya kujinunulia nchini Marekani haiulizi unakunywa chupa ngapi kwa wiki. Haiulizi uzito wako kwa nia ya kukupandishia ada, na mwenye kisukari halipi zaidi ya asiye nacho. Tangu Januari 2014, chini ya sheria ambayo wengi wanaijua kwa jina la Obamacare, kampuni inaruhusiwa kutofautisha ada kwa mambo manne tu: umri, eneo unaloishi, idadi ya watu mnaokatiwa bima, na tumbaku. Kati ya tabia zote za binadamu zinazoharibu mwili, ni hiyo moja tu iliyowekewa bei.

Kiwango cha juu ni mara moja na nusu. Asiyevuta akilipa dola 400 kwa mwezi, mvutaji wa umri uleule na eneo lilelile anaweza kudaiwa hadi dola 600. Umri nao una ngazi yake, kwani mtu wa miaka 64 anaweza kutozwa mara tatu ya kijana wa miaka 21. Vikikutana viwili hivyo, mzee anayevuta anaweza kufika mara nne na nusu ya kijana asiyevuta, kwa bima ileile, hospitali zilezile.

Si kila jimbo linaruhusu. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island na Vermont ni miongoni mwa yaliyopiga marufuku nyongeza hii. Mengine yameibana: Arkansas iliweka kikomo cha asilimia 20, na Colorado asilimia 15. Kwa hiyo kabla ya kulalamika au kushangilia, angalia kwanza unaishi wapi.

Nani hasa anahesabiwa kuwa mtumiaji? Ni mtu ambaye ndani ya miezi 6 iliyopita ametumia tumbaku kwa wastani wa mara nne au zaidi kwa wiki. Sheria inasema tumbaku ya aina yoyote, si sigara peke yake: ugoro, tumbaku ya kutafuna na ile ya shisha zimo. Matumizi ya ibada au mila hayahesabiwi. Anayevuta shisha Jumamosi kwenye sherehe, basi, hayumo. Viraka vya kubandika ngozini na ubani wa kutafuna wenye nikotini ni dawa za kuachia, si tumbaku, na anayevitumia anajibu hapana kama miezi 6 imeshapita tangu aache. Nyongeza pia humhusu aliyeruhusiwa kisheria kutumia tumbaku, yaani kuanzia miaka 21, na huwekwa kwa mtu binafsi. Baba akivuta, sehemu yake ndiyo inayopanda. Ya mama na watoto haiguswi. Ukiona jumla ya familia nzima imepanda kwa asilimia 50, kuna kosa, na una haki ya kuomba mchanganuo wa ada kwa kila jina.

Jambo linaloumiza zaidi limefichwa kwenye ruzuku. Serikali husaidia wenye kipato cha chini kulipa ada, lakini ruzuku hiyo hukokotolewa kana kwamba hakuna anayevuta, na haiwezi kutumika kulipia nyongeza. Chukua ada ileile ya dola 400. Tuseme kipato cha mtu kinampa ruzuku ya dola 350. Asiyevuta anatoa mfukoni dola 50. Mvutaji anatoa hizo 50 na nyongeza nzima ya dola 200, jumla 250. Kwenye karatasi tofauti ni mara moja na nusu, mfukoni ni mara tano. Tajiri asiyepata ruzuku analipa 600 badala ya 400 na maisha yanaendelea.

Hapo ndipo hoja ya haki inapopata uzito. Wanaoitetea nyongeza wana jambo la kweli: ukilinganisha watu wa rika moja, matibabu ya mvutaji kwa mwaka hugharimu zaidi, na asipolipa yeye watalipa wenzake walio kwenye mfuko mmoja. Lakini hesabu ya mwaka si hesabu ya maisha. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba kwa maisha yote, gharama za matibabu za wasiovuta zinaweza kuwa kubwa zaidi, kwa sababu tu wanaishi muda mrefu na kufikia maradhi ya uzeeni. Marekani mtu akifika miaka 65 huhamia Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ambayo haiwatozi wavutaji zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama za uzeeni haziifikii kabisa kampuni iliyokusanya nyongeza.

Je, inawafanya watu waache? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliochapisha matokeo yao 2016 walikuta kwamba nyongeza kubwa ziliambatana na wavutaji kutojiunga na bima, bila dalili ya kuongeza wanaoacha. Kwa maoni yetu hilo peke yake linatosha kuihukumu. Anayekosa bima anakosa pia dawa za kumsaidia kuacha, na akiugua mapafu anaishia chumba cha dharura, ambako deni lake huangukia wengine.

Kenya na Tanzania zimechagua njia nyingine. Mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya wa Kenya, ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Mtumishi aliye kwenye NHIF, mfuko wa bima ya afya wa Tanzania, hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza 3. Hakuna swali la sigara. Mvutaji analipia zaidi dukani, kupitia ushuru wa bidhaa uliomo kwenye bei ya pakiti, na anayepunguza anaona nafuu siku hiyohiyo.

Turudi Marekani, kwa anayedaiwa sasa. Usidanganye kwenye fomu. Kampuni ikigundua haiwezi kukufutia bima kwa sababu hiyo, ila inaweza kukudai tofauti yote ya nyuma. Ukiwa umeacha, hesabu miezi 6. Msimu wa kujiandikisha huanza 1 Novemba, hivyo aliyeacha kufikia mwisho wa Aprili anajibu hapana bila wasiwasi. Wengi hukwama hapa: wanaacha bima ijihuishe yenyewe, na jibu la mwaka jana linabaki palepale. Ingia ulibadilishe kwa mkono wako.

Bima nyingi zinatakiwa kugharimia tiba ya kuacha bila wewe kuchangia. Mwongozo wa serikali wa 2014 unataja majaribio mawili kwa mwaka, kila moja likiwa na vikao 4 vya ushauri vya angalau dakika 10 na dawa za siku 90. Omba cheti cha dawa hata kwa viraka na ubani vinavyouzwa bila cheti. Ukivichukua rafuni na kulipa mwenyewe, bima haitakurudishia.

Aliyepata bima kupitia kazini ana kanuni tofauti kidogo. Mwajiri anaweza kuweka nyongeza hadi asilimia 50 ya gharama ya bima ya mfanyakazi mmoja, lakini lazima atoe njia mbadala kila mwaka, kwa kawaida darasa la kuacha. Ukilimaliza unasamehewa nyongeza hata kama bado unavuta. Ukilimaliza Septemba, makato ya tangu Januari nayo yanapaswa kurudishwa, si ya miezi iliyobaki tu. Njia hiyo lazima itajwe kwenye maelezo ya mpango wa bima. Usipoiona, iulizie ofisi ya rasilimali watu kwa maandishi, na utunze slipu zako za mshahara zinazoonyesha makato.