Gitaa Uliloacha Dukani Laweza Kuwa la Mwingine Kabla Hujalipwa

Wenye magitaa ya thamani, tuseme Gibson Les Paul ya 1959, huamini kwamba wakimwachia muuzaji awauzie kwa kamisheni, gitaa hubaki mali yao hadi walipwe. Sivyo. Karibu majimbo yote ya Marekani yanafuata kanuni moja ya biashara: ukimkabidhi mfanyabiashara wa magitaa gitaa lako, naye akamuuzia mteja wa kawaida mwenye nia njema, limekuwa la mteja huyo, hata kama wewe hujaona senti. Unabaki kumdai muuzaji, na akifilisika (hapo ndipo watu hugutuka) benki iliyomkopesha kwa dhamana huweza kutangulia kulipwa kabla yako. Basi kabla hujakabidhi, dai mkataba unaotaja namba ya gitaa, bei ya chini kabisa, siku ya malipo, na nani analipia bima.