Kutoka mizani hadi simba: sarafu za Usultani wa Zanzibar zilivyobadilika sura

Ukifungua kasha la bibi ukakuta sarafu ya shaba iliyoingia weusi, upande mmoja mizani na upande wa pili maandishi ya Kiarabu, huenda umeshika pesa, ndivyo sarafu hiyo ndogo ya shaba ilivyoitwa, ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Tazama tarakimu za mwaka upande wa mizani. Kwa kawaida utasoma ١٢٩٩, yaani 1299, au ١٣٠٤, yaani 1304. Hiyo ni miaka ya Hijria. Kuipata ya Miladia kwa haraka, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: ya kwanza inaangukia 1882, ya pili karibu na 1887.

Tafadhali isome kama ilivyo, usiisugue. Limau na majivu vinaing'arisha shaba siku hiyohiyo, lakini vinaondoka na utando unaoilinda na, katika sarafu iliyokwisha kulika, vinaondoka pia na herufi. Sisi tunaohifadhi sarafu makumbusho tunaipenda chafu inayosomeka kuliko safi iliyo bapa.

Kabla ya Barghash, Zanzibar ilikuwa soko kubwa lisilo na sarafu yake. Karafuu, pembe za ndovu na hata watumwa vilihesabiwa kwa riale ya Maria Theresa, sarafu nzito ya fedha kutoka Austria. Malkia huyo alifariki 1780, lakini wafanyabiashara walikuwa wameshaizoea sura yake, wakaikataa nyingine yoyote, na riale zikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule wa 1780. Kwa hiyo anayekuletea riale akadai ina zaidi ya miaka 200 kwa sababu ya mwaka ulioandikwa, huenda anakosea kwa karne nzima bila kudanganya. Pamoja nayo zilitumika rupia za India na shaba ndogondogo kutoka Bombay. Shaba hizo zilipokuwa bado hazijaenea, chenji ilikuwa mtama wa kupimwa.

Sasa, kwa nini mizani? Wapo wanaosema ni alama ya uadilifu wa Sultani. Sikatai. Ila shaba za Bombay, zilizopigwa chini ya Kampuni ya India ya Mashariki miaka mingi kabla ya Barghash, nazo zilikuwa na mizani, na katikati ya vitanga neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu. Wahindi wenye maduka mjini Unguja waliijua picha hiyo, na wateja wao pia. Kwa maoni yangu Barghash alichagua picha ambayo mwenye duka hangeiuliza maswali. Na kweli pesa yake ilipokelewa.

Riale zake hazikupata bahati hiyo. Katika toleo la 1299 alitoa pia sarafu za fedha na za dhahabu, zilizopigwa Ulaya kama zile za shaba. Ni maandishi ya Kiarabu matupu, bila sura ya mtawala. Katika ukoo wake hakuna sultani aliyeweka uso wake kwenye sarafu ya Zanzibar. Ni kazi nzuri ya mkono, lakini soko liliendelea kumtaka Maria Theresa na rupia. Hesabu nayo haikusaidia: rupia moja ilikuwa pesa 64, riale moja pesa 136, maana yake riale ilikuwa rupia mbili na anna mbili (anna 16 zikiwa rupia moja). Fikiria kugawa hiyo kila asubuhi sokoni. Leo riale za Barghash ni adimu, za dhahabu ndiyo usiseme.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Si kila shaba yenye mizani ni ya Zanzibar. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu yake kwa ajili ya Mombasa, ikaweka mizani na mwaka 1306 wa Hijria. Igeuze: ukiona jua na jina la kampuni kwa Kiingereza, ni ya Mombasa. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki nayo, kuanzia 1890, ilitoa pesa yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, nayo 64 kwa rupia. Kampuni zote mbili zilikuwa zikifanya biashara katika nchi ambayo Barghash aliihesabu kuwa yake mpaka Uingereza na Ujerumani zilipogawana bara kwa mkataba wa 1886, zikimwachia ukanda mwembamba wa pwani. Sehemu kubwa ya ardhi aliipoteza, ila mfumo wa pesa na hati ya Kiarabu waliomnyang'anya waliona heri wauache, kwa sababu bila hivyo nani angezipokea sarafu zao?

Mwaka 1908, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, pesa 64 ziliachwa na rupia ikagawanywa kuwa senti 100. Kwa jina la Sayyid Ali bin Hamud zikapigwa senti 1, 10 na 20. Mizani haipo tena. Badala yake kuna mti wa shina refu na makuti kichwani. Sarafu hizi hazikutembea sana mikononi mwa watu, na nyingi ziliishia kuyeyushwa. Ukiuziwa moja mtaani kwa bei ya chee, uwe na shaka. Mwaka huohuo zilianza noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zenye picha ya jahazi, na hizo ndizo zilizodumu.

Mwaka 1936 rupia nayo ikaondoka, ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Kuanzia hapo Mzanzibari alitumia sarafu zilezile za Mombasa, Kampala na Dar es Salaam: simba mbele ya milima kwenye shilingi, pembe za ndovu kuzunguka tundu kwenye senti ndogo, na jina la mfalme wa Uingereza.

Sayyid Khalifa bin Harub alikaa kwenye kiti tangu 1911 hadi 1960, karibu miaka 49, kuliko sultani yeyote wa Zanzibar tangu ilipotengana na Omani. Sura yake iko kwenye stempu za posta, tena nyingi. Sarafu hana hata moja. Kwa hiyo akija mtu makumbusho na "sarafu ya Sayyid Khalifa", tunamkaribisha, tunampa kiti, kisha tunaanza na mwaka. Mara nyingi kinachosomeka ni 1299.