Je, wajua kwa nini mkojo wa farasi mwenye mimba umejaa estrojeni, homoni ya kike?

Mwaka 1930 Bernhard Zondek, daktari wa Ujerumani, alipima mkojo wa farasi mwenye mimba akakuta estrojeni tele. Kufikia miaka ya 1940, mkojo huo ulikuwa ukikusanywa huko Kanada kutengenezea dawa ya wanawake waliokoma hedhi. Jina lake, Premarin, ni vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mkojo wa farasi wenye mimba". Watengenezaji wenyewe hata hawakujali kuficha.

Estrojeni yote hiyo inatoka wapi? Wengi tungezitaja ovari za mama, na tungekosea. Aliyemo tumboni ndiye anayeanza kazi, na kondo la nyuma ndilo linaloimalizia. Kondo la farasi lina aromatasi, kimeng'enya kinachozaa estrojeni, ila malighafi halijitengenezei. Inaletwa kwa damu ya kitovu kutoka kwenye tezi za uzazi za kijusi, ziwe ovari au korodani. Kwa kazi hii jike na dume ni sawa. Mimba ikifika miezi 7 au 8, kati ya 11 hivi anayobeba farasi, tezi hizo huwa zimevimba kupita hata ovari za mama mwenyewe, kisha husinyaa kabla ya kuzaa. Watafiti walipozitoa kwa upasuaji, mtoto akiwa bado tumboni, estrojeni katika damu ya mama iliporomoka.

Lakini estrojeni ina tabia ya mafuta: haipatani na maji, na ikiachwa huru kwa wingi huo ingeleta vurugu mwilini. Basi hubandikwa salfati, kipande kidogo cha salfa na oksijeni. Ikishabandikwa huyeyuka majini, tena haiwezi kuwasha vipokezi vya homoni kwenye seli. Ndivyo inavyopita kwenye damu ya mama bila madhara, figo zikaichuja na kuitoa.

Madaktari wa mifugo walilitumia hilo zamani kupima mimba. Mkojo huchemshwa na asidi ya hidrokloriki ili ile salfati ibanduke, estrojeni ikavutwa kwa benzini, kisha ikatiwa asidi ya salfuriki na kupashwa moto. Kama farasi ana mimba ya miezi 5 au zaidi, asidi iliyotuama chini ya chupa hung'aa kijani.