Usikope kausha damu ili mtoto akwepe diploma

"Mwalimu, mwanangu hawezi kwenda diploma. Hakufeli."

Jumatatu iliyopita nimeyasikia tena maneno hayo, safari hii kwa mama aliyekaa mbele yangu na bahasha ya kaki mapajani. Kijana wake amemaliza kidato cha sita na amedahiliwa chuo binafsi, uhandisi wa umeme, miaka minne. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi imempa sehemu tu ya ada. Pengo lililobaki mama alitaka kuliziba kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa: marejesho kila wiki, dhamana friji na makochi ya sebuleni.

Mimi ni mkufunzi wa umeme chuo cha kati, na kila msimu wa udahili nazungumza na wazazi wa namna hii. Leo naandika, maana sauti imekauka.

Tuanze na Bodi. Vijana mkopo wake wanauita bumu na kuula kama zawadi, lakini ni deni. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye 700,000 anaacha 105,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021, na ilikuwa nafuu ya kweli. Sina ugomvi na Bodi. Mtoto wa maskini aliyepata mkopo wote akasomee udaktari, aende bila kunisikiliza. Ugomvi wangu ni kukopa juu ya mkopo, tena kausha damu, kwa kuogopa neno "diploma".

Kwani hiyo diploma inafunga mlango gani? Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uko wazi: mwenye stashahada (ndiyo diploma), yaani NTA 6, ngazi ya sita ya tuzo za ufundi, yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0, pamoja na ufaulu wa D au zaidi katika masomo manne kidato cha nne, anaruhusiwa kuomba digrii. Vyuo vinaweza kuongeza masharti yao kwa kozi fulani, soma kitabu cha mwaka husika.

Na ambaye hana hizo D nne? Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu hata walimu wenzangu wa sekondari hawapajui. Mwongozo huohuo unakubali NVA, tuzo ya ufundi stadi, ngazi ya tatu ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa mwenye ufaulu pungufu ya masomo manne, mradi naye apate stashahada yenye GPA hiyo. Mtoto aliyeambiwa "wewe basi tena" akiwa na D mbili bado ana njia ya kufika chuo kikuu. Ila iwe NVA 3 kweli. Wazazi wananiletea cheti cha kozi fupi ya miezi mitatu na kukiita "cheti cha VETA", kisha wanashangaa kwa nini hakipandi. Kozi fupi inakupa mkono wa kazi, ni jambo jema, lakini si ngazi. NVA ni ngazi ya ufundi stadi, NTA ni ngazi ya ufundi inayoendelea hadi digrii. Muulize msajili kwa majina hayo kabla ya kulipa hata shilingi.

Sasa piga hesabu. Aliyetoka kidato cha nne anasoma NTA 4, 5 na 6, miaka mitatu, kisha uhandisi miaka minne: saba. Anayepitia kidato cha tano na sita: miwili na minne, sita. Wanapishana mwaka mmoja! Na anayepita njia yangu ya diploma, katikati ya safari anajua kufunga wayaringi, anaweza kufuatilia leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ada ya digrii anaichangia kwa mikono yake. Akipenda kusoma huku anafanya kazi, Chuo Kikuu Huria kipo, ingawa uhandisi wa karakana si wa kusomea mbali.

Yapo yanayoninyima usingizi. Kila mwaka wapo wanafunzi wangu wanaoikosa ile 3.0 kwa pointi chache, hesabu zikiwaangusha, na nimewahi kumshauri binti mwenye matokeo mazuri apite huku akaishia hapo. Wengine wakishaonja hela ya wayaringi hawarudi darasani. Sijaweza kuamua kama hao nimewasaidia au nimewapunguzia.

Na kwa kijana wa mama yule, aliyekwishamaliza kidato cha sita, mzani hauko upande wangu. Diploma sasa ingemwongezea miaka. Nilimwambia hivyo. Akate rufaa Bodi, na ikishindikana aahirishe, mwakani aombe chuo cha umma ambako ada ni ndogo, huku akishika kazi kwa fundi. Friji ibaki nyumbani.

Mama alipokuwa anafunga bahasha akaniambia mdogo wa kijana huyo yuko kidato cha nne, anapenda kufungua redio. Nimemwomba amlete Jumamosi, karakana itakuwa wazi hadi saa nane.