Misuli ya mzee wa miaka 90 bado inaweza kupata nguvu

Mwaka 1990 Dk. Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston, Marekani. Walichukua wazee 10, wadhaifu, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa wiki 8, mara 3 kwa wiki, wazee hao waliinua uzito kwa miguu, na uzito wenyewe haukuwa wa kubembeleza: ulifikishwa asilimia 80 ya ule mkubwa kabisa ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara moja. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea mkongojo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na utafiti huu huwasimulia wana na wajukuu wanaoniletea wazee wao. Wengi huniambia, "Mama tumemwambia apumzike tu, kazi amefanya za kutosha." Upendo upo, sina shaka. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wazee wenye afya njema, wakilala kitandani siku 10 tu, hupoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu.

Turudi Boston. Nguvu zilikaribia mara tatu ya zilivyokuwa, ilhali unene wa misuli ya paja uliongezeka kwa asilimia 9 tu. Nguvu nyingine zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye ubongo na neva. Msuli ni mkusanyiko wa nyuzi, na kila kundi la nyuzi hupokea amri kutoka kwa neva yake. Umri unavyosonga, baadhi ya neva hizo hufa, na zinazoumia zaidi ni zile za nyuzi za kasi, zinazomwokoa mtu anapojikwaa. Mazoezi mazito huufundisha ubongo kuziamsha nyuzi nyingi zilizobaki kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu wiki za mwanzo mzee huanza kuinuka vizuri na paja lake ukilipima liko vile vile.

Kipimo changu cha kwanza ni kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani. Mzee anakunja mikono kifuani, anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainamisha kifua mbele, anasimama, anakaa. Mara 5 mfululizo. Akipita sekunde 15, misuli imeshadhoofika. Zoezi la kuanzia ni hilo hilo: kusimama kwa nguvu, kukaa polepole, bila kubana pumzi. Asiyeweza asukume kwa mikono mwanzoni. Akizoea, namwekea mfuko wa mchele wa kilo moja kifuani, kisha wa kilo mbili. Zile mara za mwisho lazima ziwe ngumu. Hapa ndipo familia hushtuka, hasa mapaja yakiuma kesho yake, na zoezi linasitishwa. Maumivu hayo ya misuli ni ya kawaida na hupungua yenyewe. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au presha isiyodhibitiwa ni jambo jingine: hapo aonwe na daktari kwanza.

Wengine huniuliza kama makopo ya maziwa ya lishe yanatosha bila mazoezi. Timu ile ile ya Boston ililijibu swali hilo mwaka 1994 kwa wazee 100: lishe ya nyongeza bila mazoezi haikuwaongezea nguvu.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Wazee wa Boston walipoacha mazoezi kwa wiki 4, walipoteza asilimia 32 ya nguvu zao. Kwa hiyo wangu siwapi tarehe ya kumaliza. Nawapangia Jumanne na Ijumaa, na namwomba mjukuu mmoja awe wa kuhesabu.