Msitu wa mfiri usomwe kuanzia chini

Katika milima ya Appalachia ya kusini, Marekani, miti hupokezana kadiri unavyopanda. Kuanzia mita 1,400 hivi unatawala msprusi mwekundu (Picea rubens), mti wa jamii ya msonobari. Juu zaidi unachanganyika na mfiri wa Fraser (Abies fraseri), nao wa jamii hiyo, na ukipita mita 1,900 mfiri ndio unaoshika karibu kila kitu. Mfiri huu haupatikani porini mahali pengine popote duniani, ila kwenye vilele vichache vya North Carolina, Tennessee na Virginia.

Wageni wengi hutazama juu. Mimi huanza kwa kuinama. Chini ya mifiri mizima, mawe na magogo yamefunikwa na zulia la mimea midogo isiyo na mizizi, Hylocomium splendens ikiwa miongoni mwayo, na linabaki bichi kwa sababu ukungu hauachi kulilowesha. Ukiinua ukingo wake kwa kidole, utaona jinsi lilivyo jembamba, na jinsi mwamba ulio chini yake ulivyo na majimaji. Humo anaishi buibui Microhexura montivaga, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, aliyewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1995. Kando yake inaota Oxalis montana, yenye vijani vitatu vyenye umbo la moyo, pamoja na kangaga aina ya Dryopteris campyloptera. Wote hawa wanategemea kivuli.

Kivuli hicho kilivunjwa na mdudu mdogo mno kutoka Ulaya, Adelges piceae, aliyeonekana katika milima hii, kwenye kilele cha Mount Mitchell huko North Carolina, mwaka 1957. Hujibanza kwenye nyufa za gome na kufyonza, na mate yake huufanya mti utengeneze mbao zisizopitisha maji vizuri. Mti hufa kwa kiu huku umezungukwa na mawingu. Mifiri mikubwa ilikufa kwa wingi, jua likapiga sakafu, zulia likakauka, vichaka vya beri mwitu, Rubus canadensis, vikajaa.

Gome la mfiri mchanga ni laini, halina nyufa nyingi za kujificha, kwa hiyo michanga hupona kwa muda na mingi huwahi kuzaa mbegu. Hilo ni muhimu sana, kwani mbegu za mfiri hazidumu udongoni. Akiba ya msitu huu ni miche inayosubiri kivulini.

Leo sehemu nyingi zina vichaka vizito vya mifiri michanga, na wapo wanaosema msitu umerudi. Kwangu hiyo ni haraka. Hesabu ya mashina pekee haitoshi. Nataka kwanza nione zulia limeshikana tena juu ya mwamba, na Bazzania nudicaulis, kijimea kinachopenda gome la mfiri, kimepanda kwenye mashina mapya.